Shajara ya mradi: kitunguu saumu, mlonge na mawese katika chakula cha sato, bonde la Ruchugi

Kabla ya kuanza

Mradi huu ulizaliwa katika bei ya dagaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, sisi wafugaji wa mabwawa wa Kasulu tuliona wazi jinsi tunavyolitegemea ziwa hilohilo. Protini nzuri ya chakula tunachojitengenezea hutoka kwa dagaa waliovunjikavunjika, wanaobaki sokoni baada ya wanunuzi kuchagua wazima. Ninaunga mkono kwa moyo wote ziwa kupumzishwa, kwa kuwa bila hivyo watoto wetu watamjua mgebuka kwa kusimuliwa tu, lakini ilitubidi tujiulize namna ya kumfanya sato ale kilo ileile ya chakula na kutoa nyama zaidi. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisikia habari za mimea ya dawa katika chakula cha samaki alilileta wazo hilo kwenye kikao cha kikundi, nami nikapewa kazi ya kuliandalia jaribio na kutunza daftari hili.

Mimea inayotajwa kwa kazi hii ni mingi: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, habasoda, shubiri, mlonge, majani ya mpera. Hamu ya kuichunguza iliongezeka hasa baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, kuanzia 1 Januari 2006, matumizi ya antibiotiki kama vichocheo vya ukuaji katika chakula cha mifugo, kwa hofu ya bakteria kuwa sugu. Hoja zinazotolewa ni kwamba viambato vya mimea hii humfungulia samaki hamu ya kula, huchochea vimeng'enya tumboni, hupunguza bakteria waharibifu na huimarisha kinga ya mwili. Hata hivyo naandika mapema ninavyoamini: mmea wa dawa hauwezi kuziba pengo la chakula duni, na sato anayelishwa pumba tupu hatakuzwa na kitunguu saumu. Kwa hiyo tulikubaliana tuanze na chakula kimoja kizuri kwa samaki wote, kisha ndipo tupime kama mmea unaongeza chochote juu yake.

Tulichagua kitunguu saumu na mlonge. Mwarobaini, ambao wajumbe wengi waliutaka kwa sababu wanautumia nyumbani, niliukataa, kwa kuwa viambato vyake humdhuru samaki vinapoingia majini hata kwa kiasi kidogo, nasi hatuna vifaa vya kupima kiasi hicho. Mbegu za papai nazo tuliziacha. Zinajulikana kwa kupunguza uzazi wa sato, na hilo ni swali jingine linalostahili jaribio lake.

Wiki ya 1

Chakula cha msingi tulikitengeneza kwa kilo 10 kila mara: dagaa waliosagwa kilo 2, soya kilo 2.5, mashudu ya alizeti kilo 2, pumba za mahindi kilo 2.5 na unga wa muhogo kilo 1. Tukichukua dagaa kuwa na protini kiasi cha asilimia 60, soya 38, mashudu 28, pumba 10 na muhogo 2, mchanganyiko unafikia karibu asilimia 30, kiwango kinachomfaa sato anayekua, ingawa kifaranga mchanga kabisa huhitaji zaidi ya asilimia 40. Soya tuliikaanga kwanza, kwa sababu soya mbichi ina vizuizi vinavyomnyima samaki uwezo wa kumeng'enya protini, na moto huviharibu. Muhogo tulioupika uji mzito ndio uliofanya kazi ya gundi. Tulipitisha donge lote katika mashine ya mkono ya kusagia nyama, likatoka kama tambi nene, tukalianika kivulini juu ya turubai na kulikatakata kuwa punje likiwa limekauka.

Ndani ya bwawa moja tulifunga vizimba 9 vya wavu wa matundu madogo, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1, na kila kimoja kikapokea vifaranga 25. Vizimba vitatu ni vya kitunguu saumu, vitatu vya mlonge, na vitatu ni vya kulinganishia, yaani vya chakula kisicho na mmea wowote. Nafasi ya kila kizimba ilipatikana kwa kura ya vikaratasi kikapuni, kwa kuwa upande wa mfereji wa kuingizia maji huwa na baridi kuliko upande wa kutolea, na kama tungewaweka samaki wa kitunguu wote upande wenye joto, joto lingechukuliwa kuwa ndilo kitunguu.

Kwenye mfereji wa kutolea maji tuliweka wavu mara mbili. Maji yetu huishia katika Ruchugi, na Ruchugi huingia Malagarasi pale Uvinza. Malagarasi una perege wake wa asili ambaye hapatikani katika mito mingine, na jamii hizi za samaki huchanganya damu kwa urahisi zikikutanishwa. Sato wetu hana ruhusa ya kufika huko.

Wiki ya 2

Wiki hii yote ilikwenda katika kujifunza kuandaa dawa, na nadhani wengi wanaosema kitunguu saumu hakifanyi kazi walikosea hapa. Punje ya kitunguu nzima haina alisini, kile kiambato chenye harufu kali kinachosifiwa. Ina aliini na ina kimeng'enya, na vitu hivi viwili vimekaa katika vyumba tofauti ndani ya punje mpaka itwangwe. Ikitwangwa vinakutana, na alisini inazaliwa ndani ya dakika chache. Ikichemshwa kabla ya kutwangwa, kimeng'enya kinakufa na alisini haizaliwi kamwe. Nayo ikishazaliwa haidumu, kwa hiyo unga uliokaa kabatini miezi mingi au mchanganyiko uliochemshwa jikoni hauwezi kutarajiwa kufanya kazi ya kitunguu kilichotwangwa asubuhi ile.

Utaratibu tulioufuata ni huu. Kwa kila kilo ya punje za chakula zilizokwisha kukauka, tunatwanga gramu 20 za kitunguu saumu kibichi katika kinu kidogo, tunakiacha dakika 10, tunakikoroga katika mililita 100 za maji safi yasiyo ya moto, tunachuja kwa kitambaa cheupe na kuyanyunyizia maji hayo juu ya punje huku tukizigeuza kwa mikono. Kwa mlonge, majani yaliyokaushwa kivulini, gramu 50, yanaloweshwa katika lita moja ya maji ya moto yasiyotokota, yanafunikwa usiku kucha na kuchujwa, kisha kila kilo ya punje inanyunyiziwa mililita 100. Chakula kinaandaliwa cha siku tatu tu.

Tatizo lilijitokeza tuliporusha punje majini mara ya kwanza. Niliweka punje kumi za chakula chenye kitunguu katika bilauri ya maji na kuishika mbele ya macho: kabla sijahesabu hadi sitini, maji yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi na kunuka kitunguu. Dawa ilikuwa ikitoka kwenye punje na kulitibu bwawa badala ya samaki. Mjumbe anayekamua mawese alipendekeza tuzipake punje mafuta kidogo ili zisivuje, tukapaka gramu 20 za mawese kwa kila kilo. Katika bilauri ya pili maji yalibaki meupe kwa muda mrefu zaidi. Tulifurahi sana na tukaanza kulisha siku ileile, asubuhi na alasiri, kwa asilimia 5 ya uzito wa samaki kwa siku.

Wiki ya 4

Hii ndiyo kurasa ninayotaka kila anayefikiria jaribio la namna hii aisome mara mbili.

Tulipima uzito kwa mara ya kwanza tangu kuanza kulisha. Samaki walifungishwa kula saa 24 kabla, ili tusipime chakula kilichomo tumboni. Tuliwatoa kwa wavu, tukahesabu hadi tano maji yakidondoka, kisha tukawatia katika ndoo ya maji iliyokwisha kurudishwa kwenye sifuri juu ya mizani. Kule kuhesabu hadi tano kunaonekana kama mchezo, lakini bila hivyo anayepima kwa haraka anapima maji mengi zaidi, na samaki wake wanaonekana wamenenepa. Baada ya kupima, kila kundi lilipitishwa katika beseni la maji yenye chumvi ya Uvinza, gramu 5 kwa lita, ili kuwapunguzia mshtuko.

Vizimba vya kitunguu na vya mlonge vilikuwa vimevizidi vya kulinganishia, tena kwa tofauti iliyoonekana kwa macho. Watu walianza kupigiana simu. Nikiwa naandika namba, mama yetu anayeleta mawese, ambaye siku ile alikuwa amekuja tu kuchukua dumu lake, alitazama vyombo vilivyopangwa ukingoni, akaniuliza, "Mwanangu, na hawa wengine mbona mmewanyima mawese?"

Sikuwa na jibu. Mawese tulikuwa tumeyapaka kwenye punje zenye dawa tu, kwa kuwa ndizo tulizotaka kuzizuia zisivuje. Vizimba vya kulinganishia vilikuwa vikila punje kavu kwa wiki mbili. Mafuta ni nguvu, na samaki anayepata nguvu kutoka kwa mafuta huiacha protini ijenge nyama badala ya kuichoma kama kuni. Zaidi ya hayo, punje zilizopakwa mafuta zilikuwa hazimeguki upesi majini, kwa hiyo samaki wa dawa walikuwa wakipata chakula kizima wakati wenzao wakipoteza sehemu yake kama vumbi chini ya kizimba. Ukuaji ule ungeweza kuwa wa kitunguu, wa mlonge, wa mawese, au wa punje kutomeguka, na hapakuwa na njia yoyote ya kuvitenganisha.

"Shikamoo, mama, na asante," ndilo jambo pekee nililoweza kumwambia. Kikao kilikaa jioni hiyo. Wapo waliotaka tuendelee na kuandika tu kwamba dawa imefanya kazi, kwa hoja kwamba mfugaji naye atapaka mawese hata hivyo. Nilipinga, na bado napinga. Kitunguu saumu kinachofika kwetu kutoka Mbulu kina gharama kubwa ya safari ndani yake, ilhali mawese yanakamuliwa hapahapa Kigoma. Kama kazi yote ilifanywa na mawese, kumshauri mfugaji maskini anunue kitunguu ni kumwibia. Kikao kilikubali tuvunje jaribio na kuanza upya.

Wiki ya 5

Tulihamisha samaki wote kwenye bwawa la pili na kusafisha vizimba, ambavyo nyavu zake zilikuwa zimeziba kwa mwani kiasi cha kuzuia maji kupita. Kuanzia sasa nyavu zitasuguliwa kwa brashi kila Jumamosi, vizimba vyote siku moja.

Tulipokuwa tukisafisha kingo niliona jambo lililonitia hofu. Juu ya mteremko unaoelekea bwawani, mwenye shamba jirani amepanda utupa ili kuwafukuza fuko wanaochimba mihogo yake. Utupa ni mmea uleule ambao wazee walikuwa wakiutwanga na kuutia mtoni ili samaki waelee, na uvuvi wa sumu umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Majani yake yana rotenoni, ambayo humzuia samaki asiweze kuitumia oksijeni hata ikiwa tele majini. Mvua kubwa ikishusha majani yale, hakuna jaribio litakalobaki. Nilimwendea mzee mwenye shamba na kumweleza. Alisikiliza kwa utulivu, akasema hakuwahi kuufikiria mteremko, na wiki hiyohiyo akaung'oa mstari wa karibu na kuuhamishia upande wa pili wa mihogo. Namshukuru.

Wiki ya 6

Awamu ya pili imeanza kwa vifaranga wapya wa ukubwa unaolingana, wakagawanywa upya na nafasi kupigiwa kura upya. Safari hii makundi yote matatu yananyunyiziwa mililita 100 kwa kila kilo: la kwanza maji ya kitunguu, la pili maji ya mlonge, la tatu maji matupu. Yote matatu yanapakwa gramu 20 za mawese, yanageuzwa kwa mikono kwa muda uleule na kuanikwa kivulini kwa saa zilezile. Mtu anayelisha huitambua mifuko kwa alama ya rangi tu, hajui upi ni wa dawa ipi, ingawa ni kweli kwamba kitunguu hakifichiki puani.

Wiki ya 9

Juni imeingia na baridi yake. Kasulu iko juu kuliko Kigoma mjini, na asubuhi maji hufikia nyuzi 20, wakati sato hupenda kati ya 25 na 30. Samaki wanakuja kwenye chakula polepole, kwa hiyo tumesogeza mlo wa kwanza hadi jua lipande na tumepunguza kiasi, kwa makundi yote sawasawa.

Baridi imeleta shida nyingine ndogo. Mawese yanaganda ndani ya chupa, na mpaka jana yalikuwa yakishika punje kwa mabonge ya rangi ya machungwa, punje moja imefunikwa kabisa na jirani yake haina kitu. Sasa chupa inakalishwa katika sufuria ya maji ya vuguvugu kabla ya kupaka. Haiwekwi motoni.

Wiki ya 11

Mjumbe mmoja aliomba tufunge kizimba cha kumi, nje ya jaribio, ajaribu kuondoa nusu ya dagaa na kuweka unga wa majani ya mlonge, kwa kuwa jani hilo likikauka lina protini nyingi. Tulimruhusu ili sote tuone. Kufikia siku ya nne punje zilikuwa zikibaki chini ya kizimba chake baada ya kila mlo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim nchini Ujerumani walichapisha mwaka 2003 kwamba unga wa mlonge ungeweza kuchukua nafasi ya takriban asilimia 10 ya protini ya chakula cha sato bila madhara, na kwamba ukizidi hapo ukuaji unashuka. Majani yana saponini, tanini na fitati, ambazo kwa wingi huufanya mlo kuwa mchungu na kuyafunga madini tumboni. Maji ya mlonge tunayonyunyizia ni kidogo sana ukiyalinganisha na unga huo, na samaki wanayala bila kusita.

Wiki ya 14

Upimaji wa mwisho wa awamu ya pili. Nilikokotoa kasi ya ukuaji kwa kuchukua logi asilia ya uzito wa mwisho, kutoa logi asilia ya uzito wa mwanzo, kugawanya kwa idadi ya siku na kuzidisha kwa 100, kisha nikapanga vizimba vyote 9 kwa mstari mmoja kutoka cha juu hadi cha chini bila kuandika kundi, nikaandika kundi la kila kimoja baadaye.

Kizimba cha kwanza ni cha kitunguu. Cha pili ni cha kulinganishia. Baada ya hapo makundi yamechanganyikana hadi chini, na kizimba kimoja cha kulinganishia kimewapita wawili wa kitunguu. Samaki wa kitunguu kweli huzimaliza punje upesi kuliko wengine, jambo ambalo walishaji wote wawili waliliandika kila mmoja kwa siku zake, lakini tofauti ya uzito kati ya makundi ni ndogo kuliko tofauti kati ya vizimba vya kundi moja. Kwa namba hizi siwezi kumwambia mfugaji yeyote anunue kitunguu saumu ili samaki wake wakue. Ninaweza kumwambia apake mawese ili punje zisivuje, kwa kuwa hilo tumeliona kwa macho yetu kwenye bilauri.

Kilichotuvuruga kilionekana kwenye ndoo. Majike matatu, kutoka vizimba tofauti, yalitema mayai ya manjano tulipokuwa tukiyapima. Jike la sato hulea mayai na makinda mdomoni, na wakati huo halili. Kizimba chenye majike wengi kitakuwa chepesi hata kikila dawa bora kuliko zote, na sisi tuliwagawa vifaranga bila kujua jinsia zao.

Wiki ya 15

Awamu ya tatu itakuwa ya madume peke yake, na haitatumia homoni za kuwageuza vifaranga kuwa madume. Tutawasubiri wafikie ukubwa wa kutambulika, kisha tutamgeuza kila mmoja tumbo juu na kupaka tone la wino kwenye kinundu cha uzazi: dume lina matundu mawili, jike lina matatu, na wino huyaonyesha wazi. Binti wa mjumbe wetu, anayesoma kidato cha nne, ndiye mwenye macho makali kuliko sisi sote kwa kazi hii. Jana aliwatambua samaki thelathini nasi tukimhakiki, akakosea mmoja. Mlonge tumeuweka kando kwa sasa ili vizimba vinne viwe vya kitunguu, vinne vya kulinganishia, na cha tisa kibaki cha akiba.

Mama ameleta mawese. Nimejaza chupa za vizimba vyote kutoka dumu moja, na kura ya nafasi itapigwa Jumatatu asubuhi.